Bunduki Rahisi na Hukumu ya Wapigaji wa Kasongo

Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dola Huru la Kongo, likiongozwa na Francis Dhanis, liliteka Kasongo, mji ambao mfanyabiashara wa pembe na watumwa Tippu Tip alikuwa ameufanya makao yake na ambao wakati huo ulikuwa mikononi mwa mwanawe Sefu. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyetumikia jeshi hilo, alieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1897 mali iliyokutwa humo: pembe za ndovu, tani kadhaa za baruti, fataki kwa mamilioni, na risasi za karibu kila namna ya bunduki na bastola iliyopata kuundwa duniani. Wengi wanaosimulia habari hii huishia kwenye pembe. Mimi naona ghala la baruti lina mengi zaidi ya kutuambia. Baruti na fataki zilitumika katika bunduki yoyote ya kushindilia, iwe imetoka Uingereza, Ubelgiji au Ujerumani. Risasi za maganda ya shaba kila moja ilikuwa na bunduki yake, na isipoipata haina kazi. Watu wa Kasongo hawakuwa wageni wa silaha. Walikuwa na fedha, walikuwa na watu wao Zanzibar, na walijua kuwa bunduki mpya zipo. Kama waliweka akiba kubwa namna ile kwa ajili ya bunduki za mtindo wa zamani, walikuwa na hesabu zao. Hesabu hizo zilikuwa sahihi kuliko za mabwana waliokutana Brussels kuamua silaha zipi ziruhusiwe kuingia Afrika, na Maniema ya kusini, nchi ya Kasongo yenyewe, ndiyo iliyolipa gharama ya kosa la mabwana hao.

Bunduki zenyewe zilikuwa za aina mbili hasa. Ya kwanza ni gumegume: jiwe lililobanwa kwenye mtambo hugonga chuma, cheche huangukia baruti kidogo iliyo pembeni, na moto huingia ndani ya mtutu. Ya pili ni bunduki ya fataki, ambayo badala ya jiwe ina nyundo inayogonga kikofia kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka. Zote mbili hushindiliwa kwa mdeki kupitia mdomo wa mtutu, na tumbo la mtutu ni laini, halina mifereji ya kuizungusha risasi iende mbali bila kupotoka. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yameachana nazo. Kufikia mwaka 1867 Waingereza walikuwa na Snider, Wafaransa Chassepot, Wabelgiji Albini, zote zikitiwa risasi kwa nyuma, na mwaka 1886 Wafaransa wakaleta Lebel inayofyatua risasi kadhaa mfululizo. Kila jeshi lilipobadilisha silaha, za zamani ziliuzwa kwa jumla, na Zanzibar ilikuwa mlango mmojawapo mkubwa wa kuzipokea. Mwaka 1888 konseli wa Uingereza huko, Charles Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita bandarini kila mwaka. Si zote zilizokuwa mitumba ya majeshi. Mafundi wa Liège nchini Ubelgiji na wa Birmingham nchini Uingereza waliendelea kuunda bunduki mpya kwa umbo la kale kwa ajili ya soko la Afrika: mtutu wa chuma cha bei ya chini, kitako cha mbao za kawaida, mtambo usio na mapambo. Lilikuwa toleo nafuu la silaha iliyokwisha kujijengea jina katika vita vya Napoleoni na kabla yake.

Biashara ya namna hii haijafa, na inafaa kuitazama ilivyo leo kabla ya kurudi Maniema. Karibu na Liège, kwenye mji wa Herstal, kiwanda cha FN kilianzishwa mwaka 1889. Humo ndimo John Browning, mbuni wa silaha wa Kimarekani, alimofia mwaka 1926 akiwa kazini, na humo Dieudonné Saive akaikamilisha bastola iliyotoka mwaka 1935 na kujulikana kama Hi-Power, ambayo majeshi ya nchi nyingi yaliitumia kwa miongo. FN iliacha kuiunda mwaka 2018. Kiwanda cha Girsan cha Uturuki kikaingia na nakala ya bei ya chini, na Springfield ya Marekani ikatoa yake. Wapiga shabaha wa Marekani wanapoijadili nakala kama hiyo huuliza maswali ambayo hayana uhusiano na fahari ya jina: je, inameza risasi bila kukwama, vipuri vyake vinaingiliana na vya ile ya asili, na ikiharibika nani ataitengeneza? Mtu anayetegemea chombo huuliza hivyo. Mpigaji wa Kasongo mwaka 1890 aliuliza yaleyale, isipokuwa jibu baya kwake lilimaanisha kifo, na fundi wa karibu aliyeweza kupata vipuri vya Ulaya alikuwa pwani, mwendo wa miezi kwa miguu kupitia Ujiji na Tabora.

Tuanze na risasi, maana ndipo hesabu ilipolalia zaidi. Tarehe 24 Februari 1887, huko Zanzibar, Tippu Tip alitia saini mikataba miwili. Mmoja ulimfanya liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, mwenye Dola Huru la Kongo. Mwingine ulimtaka ampatie Henry Stanley wapagazi 600 wa safari ya kumtafuta gavana Emin Pasha. Kwa mkataba huo wa pili watu wa Tippu Tip walikuja na bunduki zao wenyewe, naye Stanley akawajibika kuwapa baruti na fataki. Wapagazi walipochelewa na lawama zikaanza, suala la baruti isiyofika lilikuwa moja ya hoja kuu za Tippu Tip, na sioni sababu ya kulichukulia kama kisingizio tu. Mtu aliyeongoza misafara kwa miongo miwili alijua kwamba bunduki isiyo na baruti ni fimbo nzito. Alijua pia kwamba baruti hununulika kwa mfanyabiashara yeyote na hugawanyika kwa kipimo chochote, na risasi ya madini ikikosekana mtu hushindilia kipande cha chuma au hata kijiwe. Bunduki ya Winchester ikiishiwa risasi zake katikati ya Maniema, imekwisha kazi mpaka msafara mwingine urudi kutoka pwani. Ndiyo maana ninalitazama ghala la Kasongo, lenye risasi za kila namna, kama ushahidi wa majaribio. Silaha za kisasa ziliwafikia, zikathaminiwa na wakubwa, lakini hakuna aliyethubutu kuliweka jeshi zima juu ya risasi zisizolingana.

Kisha kuna fundi. Verney Lovett Cameron alipopita Maniema mwaka 1874 alieleza tanuri za kuyeyushia chuma zilizokuwa katika vijiji, na wahunzi wa Wasongye walisifika mbali kwa shoka na visu vyao. Watu wenye ujuzi huo hawakuhitaji kuagiza fundi kutoka Ulaya ili waelewe nyundo na jiwe. Kitako kilichovunjika kilichongwa upya, mdeki ulinyooshwa, chuma cha mtambo kilichochakaa kilifuliwa. Urahisi ambao mnunuzi wa London angeuita upungufu, hapa ulikuwa ndio uzima wa silaha. Na umbali? Bunduki yenye mtutu laini haiaminiki sana ikivuka mita themanini au mia, ilhali Albini ilipiga mbali mara kadhaa ya hapo. Lakini atakayeangalia nchi iliyo kati ya Kasongo na Kabambare, yenye nyasi zinazompita mtu kimo na misitu inayofuata mito, atauliza mara ngapi mpigaji angemwona adui yake kwa mita mia tatu. Mahali ambapo macho hayafiki, nguvu ya kupiga mbali ni mali isiyotumika.

Wasafiri wa Kizungu hawakuiona hivyo. Waliandika mara nyingi, kutoka sehemu nyingi za Afrika, kwamba watu hujaza baruti kupita kiasi, hushika bunduki kiunoni badala ya begani na hawalengi. Walihitimisha kuwa silaha hizo zilikuwa kelele mikononi mwa wasiojua. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake: bunduki za bei ya chini zilipasuka, na waliopoteza vidole au macho walikuwepo. Lakini tuufuate mwenendo wenyewe. Mtu anayejua mtutu wake unaweza kupasuka huuweka mbali na uso wake, na huo ni uangalifu. Mtu anayeshindilia vipande kadhaa na kupiga kwa hatua ishirini kwenye kichaka hahitaji shabaha ya jicho moja kwa sababu anachopeleka ni mvua ya chuma. Hata kelele ilikuwa sehemu ya kazi. Tippu Tip mwenyewe, katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, anaeleza kuwa jina lake lilitokana na mlio wa bunduki zake katika vita vya zamani. Moshi, mshindo na hofu vilivunja safu kabla majeraha hayajahesabiwa. Waliozibeba bunduki hizo walizizoea kulingana na udhaifu wake, na mwenye chombo hafifu akikijua udhaifu wake humshinda mara nyingi mwenye chombo bora asichokielewa.

Sasa twende Brussels. Tarehe 2 Julai 1890 wajumbe wa mataifa ya Ulaya, pamoja na Marekani, Uturuki, Uajemi, Zanzibar na Dola Huru la Kongo, walitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa. Ndani yake walipiga marufuku kuingiza silaha za moto, hasa zilizoboreshwa, katika eneo lote la Afrika lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini. Kati ya milango waliyoiacha, mmoja ni huu: serikali ziliweza kuruhusu gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida ya biashara. Fikra iliyo nyuma yake ni nyepesi kuifahamu. Bunduki mbovu inaua kidogo, basi Mwafrika apewe mbovu. Nami nakubali kuwa ilikuwa na faida moja: iliwazuia wauzaji kuijaza nchi bunduki za kisasa kwa haraka. Lakini ilipima ubaya wa silaha kwa ubora wake, ilhali Maniema ilikuwa imekwisha kuonyesha kuwa kipimo sahihi ni wingi. Bunduki ghali humpa nguvu tajiri mmoja na walinzi wake. Bunduki rahisi, inayotengenezeka kijijini na inayokubali chuma chochote, hugeuza vijana mia tano kuwa jeshi la uvamizi kwa msimu mmoja. Liège, kwa upande wake, haikupata hasara. Iliendelea kuunda gumegume kwa ajili ya Afrika hadi karne ya ishirini, wakati Ulaya yenyewe ilikuwa na bunduki za mtombo.

Atakayedhani kuwa ninasifia silaha hizi asome habari za msafiri Livingstone, aliyekaa Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, kwa miezi mingi kati ya 1870 na 1871 akiuguza vidonda vya miguu. Aliandika kuwa Wakusu walikuwa wakizidhani bunduki kuwa alama za uchifu tu, kama fimbo ya mtawala, mpaka wafanyabiashara walipompiga mbuzi mbele yao ili waone. Ndipo wakatazama mbinguni na kutaka kununua kwa pembe dawa hiyo ya kushusha radi. Ilikuwa ni somo lililotolewa kwa makusudi, na gharama yake ilionekana upesi. Tarehe 15 Julai 1871, kwenye soko la Nyangwe kando ya Lualaba, Livingstone aliona watu watatu wenye bunduki wakianza kuufyatulia umati wa wanunuzi na wauzaji, wengi wao wanawake, na wengine wakaunga mkono kutoka upande wa mto. Wafanyabiashara wa Kiarabu wenyewe walikadiria waliokufa, kwa risasi na kwa kuzama, kuwa kati ya 330 na 400. Bunduki za siku ile hazikuhitaji kuwa nzuri. Zilihitaji kuwa karibu na watu wasio nazo. Kwa miaka ishirini iliyofuata vijiji vya Wabangubangu, Wazimba, Wakusu na majirani zao vilijifunza hilo kwa kupoteza watoto, pembe na mashamba, na waliotekwa wakiwa wadogo walikua wakikabidhiwa bunduki hizohizo ili waende kuwateka wengine. Hapa ndipo sifa na laana ya bunduki rahisi zinapokutana: kila kilichomfaa mpigaji kilimdhuru jirani yake.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo ni la vita vyenyewe. Kama hukumu ya Kasongo juu ya bunduki za kushindilia ilikuwa sahihi, mbona walishindwa? Dhanis alikuwa na askari wa Albini, bunduki ambayo aliyefunzwa huipakia na kuifyatua mara kadhaa wakati mwenzake wa bunduki ya kushindilia bado anasukuma mdeki. Jibu la haraka ni kwamba teknolojia ilishinda. Ushahidi hauko tayari kukubali hivyo. Sehemu kubwa ya nguvu za Dhanis ilikuwa watu wa Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip kabla ya kuhamia upande wa Dola mwaka 1892, na wengi wao walipigana kwa bunduki zilezile za kushindilia walizokuwa nazo wapinzani wao. Sefu hakulemewa na Albini peke yake. Alilemewa na bunduki rahisi zilizobadilisha bwana. Baada ya Kasongo kuanguka, Rumaliza wa Ujiji alijenga maboma ya miti na udongo, na kwa miezi ya mwisho ya 1893 akaizuia Dola isisonge mbele. Sefu na Kapteni Ponthier wa upande wa Dola wote wawili walikufa katika mapambano ya kipindi hicho. Kilichoyavunja maboma ni mzinga wa Krupp. Januari 1894 kombora lilitua ndani ya boma moja, likawasha paa za nyasi na kulipua baruti iliyowekwa humo, na kabla ya mwezi kwisha Kabambare ikatekwa. Hapo nakiri kuwa hesabu ya Kasongo ilikuwa na tundu. Silaha inayohitaji mapipa ya baruti humlazimisha mwenyewe kulala juu ya moto wake. Lakini dhidi ya askari wa miguu waliokuwa mbele yao, uamuzi wao haukuwa wa kijinga.

Utawala wa Kibelgiji ulirithi nchi iliyojaa bunduki hizo na ukaendelea kwa fikra ileile ya Brussels. Silaha zilizoboreshwa zilibaki kwa Wazungu na askari wao, na mwenyeji aliyepata kibali alishika bunduki ya fataki kwa ajili ya kuwinda na kulinda shamba. Kwa njia hiyo ujuzi wa mtambo wa kale ulihifadhiwa vijijini vizazi kadhaa baada ya kusahaulika Ulaya, na wahunzi waliokuwa wakitengeneza za kigeni wakaja kuunda za kwao. Ndiyo asili ya silaha ambayo leo mashariki mwa Kongo huitwa pupu, bunduki ya kienyeji ya kushindilia, jamaa ya gobore ambalo polisi wa Tanzania hulionyesha mara kwa mara miongoni mwa silaha zilizosalimishwa. Mwindaji anayetafuta nyama ya pori huchagua kati ya bunduki ya kiwandani ya kaliba 12, ambayo kila risasi yake ni ya kununuliwa, na pupu inayokubali atakachokipata. Sababu zake ni zilezile za Kasongo ya 1890: chakula cha bunduki, fundi, na umbali wa msituni. Atakayemwita mshamba atakuwa amerudia kosa la wasafiri wa Kizungu.

Lakini vilevile atakayeiona pupu kuwa kitu cha makumbusho atakuwa amerudia kosa la Brussels. Huambiwa kwamba tatizo la Maniema ni kalashnikov, na kwamba pupu mbele yake ni mzaha. Kwa askari dhidi ya askari ni kweli. Kwa kijiji dhidi ya kundi la vijana kumi usiku, tofauti ni ndogo kuliko tunavyopenda kuamini. Kabambare imejua makundi yenye silaha tangu uasi wa 1964 na vita vya 1998, mpaka miaka ya karibuni wanamgambo wa Mai-Mai Malaika walipoitikisa Salamabila, kandokando ya mgodi wa dhahabu wa Namoya. Makundi ya Mai-Mai ya mashariki kwa kawaida huanza na mapanga, mishale na bunduki za kienyeji, na kwa hizo huziteka za kisasa. Pupu ndiyo ngazi ya kwanza. Isingekuwepo, vijana wengi wangebaki chini ya ngazi.

Kwa hiyo naamini mpango wa kupokonya silaha na kuwarudisha wapiganaji katika jamii, P-DDRCS, ulioanzishwa mwaka 2021, pamoja na Protokali ya Nairobi ya 2004 ya kudhibiti silaha ndogo, ambayo Kongo iliitia saini, vitapimwa Kasongo na Kabambare kwa namna vinavyomtendea mhunzi kuliko kwa idadi ya kalashnikov zinazochomwa moto mbele ya kamera. Kumkamata na kumvunjia tanuri hakutoshi, kwa kuwa ujuzi wake hauhitaji kiwanda na mteja wake bado ana nguruwe pori shambani. Kumwachia afanye apendavyo kwa madai kuwa silaha yake ni duni ni kurudi kwenye mkataba wa 1890. Njia iliyo kati ya hizo ni ngumu na ya polepole: kuandikishwa kwa mafundi na kwa kila mtutu wanaoutoa, kibali cha mwindaji kinachotolewa kwenye makao ya teritwari kwa ada anayoimudu, na soko halali la majembe, mashoka na vipuri vya baiskeli litakalomlipa mhunzi karibu na kile anachokipata kwa bunduki. Na sheria hiyo haitaandikwa vizuri mpaka wanaoiandika wawakalishe mwindaji na mhunzi wawaeleze ni kwa nini bunduki rahisi inawafaa, kwa sababu hakuna anayeijua zaidi yao.